Kufuta Diski Si Dawa ya Kompyuta Iliyokwama

Tangu Microsoft ilipokoma kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, swali ninaloulizwa Maili Moja, Kibaha, na ambalo walimu wa Kisarawe hunipigia simu kuliuliza vilevile, ni hili: "Fundi, kupiga Windows shilingi ngapi?" Aghalabu muulizaji amejaribu kuipandisha kompyuta yake ya mtumba hadi Windows 11, betri yake ikiwa imekwisha kufa zamani, umeme ukakatika katikati ya kazi, na sasa mashine inajiwasha na kujizima bila kufika popote. Haulizi kama mitihani ya wanafunzi wake ingalimo. Anauliza bei ya kuifuta.

Ingalimo, katika hali nyingi mno. Dhana iliyoenea, kwamba mfumo endeshi uliokwama umekufa pamoja na kila kilichomo, ni batili tangu msingi wake, kwa kuwa kupandisha toleo hakuanzi kwa kuzifuta nyaraka za mwenyewe, bali mfumo wa zamani huwekwa kando katika folda iitwayo Windows.old, na kinachoharibika mara nyingi ni mafaili machache yanayoiongoza kompyuta wakati wa kuwaka. Kuifuta diski nzima kwa sababu ya mafaili hayo ni kubomoa nyumba kwa kuwa ufunguo umevunjikia kitasani.

Kinachonighadhibisha zaidi ni faraja wanayopewa watu baada ya hasara, kwamba vilivyofutwa vitarejeshwa kwa programu maalumu. Katika diski ya kale inayozunguka, ni kweli, ufutaji wa haraka huondoa orodha tu na kuziacha data mahali pake. Walakini Windows mpya ni zaidi ya gigabaiti 15 zinazoandikwa juu ya data zilezile ulizotaka kuziokoa, na kilichokwisha kuandikiwa kingine juu yake hakirudi. Katika diski za SSD, zisizozunguka, mambo ni mazito zaidi, maana mfumo huiarifu diski kwamba eneo lote sasa ni tupu, nayo diski hujisafisha yenyewe, hata ile programu inayosifiwa ikakuta sifuri tupu. Wapo pia wanaotegemea kwamba "vitu viko D", ilhali kila walichokihifadhi kwenye Desktop na Documents, isipokuwa waliobadilisha mipangilio, kimo ndani ya kigawanyo C, tena yupo fundi mwenye haraka anayefuta vigawanyo vyote bila kuuliza.

Basi, fanya hivi. Ikatishe kompyuta inapoanza kuwaka, kwa kukishikilia kitufe cha umeme hadi izimike, mara mbili mfululizo. Ya tatu kwa kawaida itafungua yenyewe sehemu ya matengenezo, nawe uchague kwanza kurekebisha uwakaji, kisha kuliondoa sasisho kubwa la mwisho. Ikiwaka lakini ikasumbua, unazo siku 10 za kurudi toleo la zamani kupitia mipangilio, kabla Windows.old haijafutwa. Ikigoma kabisa, iwashe kwa mfumo endeshi wa Ubuntu ulio kwenye flashi ya gigabaiti 8, bila kuusakinisha, unakili nyaraka zako kwenye diski ya nje. Ukidaiwa ufunguo wa kufuli la diski liitwalo BitLocker, tarakimu zake 48 kwa kawaida huwa zimehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft iliyotumika kuisajili kompyuta. Pasipo ufunguo huo hakuna fundi wa kuifungua. Na mashine isiyo na TPM 2.0, chipu ya usalama inayodaiwa na Windows 11, usiilazimishe toleo hilo kwa hila.

Kuweka mfumo upya kuna wakati wake, nao ni baada ya nakala kufunguliwa na kuonekana kwenye kompyuta nyingine. Fundi akikwambia hana haja ya kunakili chochote kabla ya kufuta, chukua kompyuta yako umpelekee mwingine.