Joto Lenye Maji: Upozaji wa Nyumba katika Mwambao wa Kenya

Suala la joto majumbani ni mojawapo ya masuala yanayowashughulisha mno wakazi wa mwambao wa Kenya, hasa kati ya Januari na Aprili, kabla ya upepo wa kusi kushika kasi. Katika kipindi hicho, kipimajoto mjini Mombasa huonyesha nyuzijoto 32 au 33 wakati wa mchana. Kwa kuzingatia tarakimu hizo pekee, mtu anaweza kudhani kwamba mkazi wa Garissa, ambako nyuzijoto 36 si jambo la ajabu, ndiye anayestahili kuhurumiwa zaidi. Hata hivyo, mtu huyo wa Garissa akihamia Mombasa huenda akataabika kuliko alivyotaabika kwao. Chanzo cha tofauti hiyo ni maji yaliyomo hewani.

Mwili wa binadamu hujipoza kwa jasho. Ikumbukwe kwamba jasho halipozi kwa kutoka, bali kwa kukauka: linapogeuka kuwa mvuke, huondoka na sehemu ya joto la ngozi. Hewa kavu hulinyonya jasho upesi, hata pengine mtu asitambue kwamba ametokwa nalo. Hewa ya Mombasa, kwa upande mwingine, imekwisha kushiba mvuke wa bahari. Jasho hubaki likitiririka na shati kugandamana na mgongo. Wapwani huiita hali hii fukuto, na neno hilo lina uzito ambao neno ‘joto’ halina. Anayetaka kuipoza nyumba yake pwani hana budi kushindana na fukuto, wala si joto peke yake.

Kwa sababu hiyo, kifaa kinachofaa bara kavu huweza kudhuru pwani. Mathalani, kuna vipoza hewa vinavyotumia maji, ambavyo hupuliza hewa kupitia pedi iliyoloweshwa. Katika maeneo makavu kama jimbo la Rajasthan nchini India, vifaa hivyo hufanya kazi nzuri kwa gharama ndogo. Katika chumba cha Likoni au Kisauni, kifaa hicho hicho huongeza mvuke katika hewa isiyo na nafasi ya mvuke zaidi. Mwenye nyumba huburudika kwa muda mfupi, kisha huanza kuona kuvu kwenye godoro, viatu na migongo ya vitabu.

Kiyoyozi hufanya kinyume chake, na historia yake inalithibitisha jambo hili. Mnamo 1902, mhandisi kijana wa Kimarekani, Willis Carrier, alibuni mtambo wa kuhudumia kiwanda cha uchapishaji huko Brooklyn, New York. Kusudi halikuwa kuwaburudisha wafanyakazi. Karatasi zilikuwa zikivimba na kusinyaa kwa kufuata unyevu wa hewa, hivyo rangi hazikuangukia mahali pake. Mtambo wa Carrier ulikusudiwa kudhibiti unyevu huo. Hadi leo kanuni ni ile ile: hewa ya chumba hupitishwa kwenye mabomba baridi, mvuke hugeuka kuwa maji kama umande juu ya gilasi ya maji baridi, na maji hayo hutiririka nje kupitia mpira mwembamba. Matone yanayoonekana yakidondoka ukutani nje ya nyumba ndiyo lile fukuto lililotolewa chumbani.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Aghalabu mtu huamini kwamba mtambo mkubwa ndio bora, hivyo chumba kidogo cha kulala ambacho kingetoshelezwa na mtambo wa BTU 9,000 kwa saa hufungiwa wa BTU 18,000. (Mafundi huziita BTU 12,000 ‘tani moja’, istilahi iliyotokana na kiasi cha joto kinachohitajika kuyeyusha tani moja ya barafu kwa saa 24, kwa kipimo cha tani ya Kimarekani.) Mtambo mkubwa kupita kiasi huteremsha joto kwa dakika chache na kuzima kabla haujapata muda wa kukausha hewa. Matokeo yake ni chumba chenye baridi na unyevu kwa pamoja, mithili ya pango. Mitambo ya inveta imepunguza tatizo hili kwa kuwa huweza kufanya kazi polepole kwa muda mrefu bila kuzimika, na umeme unaotumika ni mchache zaidi. Hali kadhalika, rimoti nyingi zina alama ya tone la maji, ambayo huuelekeza mtambo kukausha hewa zaidi ya kuipoza. Ajabu ni kwamba watu wengi hawajawahi kuibonyeza.

Kuhusu utunzaji, adui mkuu pwani ni chumvi. Upepo wa bahari huitua juu ya mapezi membamba ya alumini katika sehemu ya nje ya kiyoyozi, nayo huliwa taratibu mpaka yakabomoka kwa kuguswa. Kuyaosha mara kwa mara kwa maji yasiyo ya chumvi, umeme ukiwa umezimwa, hurefusha maisha ya mtambo. Kichujio cha ndani nacho huhitaji kuoshwa kila baada ya wiki mbili hadi nne, na mpira wa maji uzibuliwe kabla ukoga haujaurudisha unyevu ukutani. Fauka ya hayo, gesi ya kiyoyozi haiishi kama mafuta ya gari. Huzunguka humo humo miaka yote. Fundi anayekuja kila mwaka ‘kuongeza gesi’ bila kutafuta tundu inakovujia anauza kitu kile kile mara nyingi.

Hata hivyo, swali la kiyoyozi linapaswa kutanguliwa na swali la nyumba yenyewe. Nyumba za kale za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa zilijengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Kuta nene zilichelewesha joto la mchana, na ua wa ndani ulipitisha hewa. Chokaa ilinyonya unyevu na kuuachilia tena. Katika ukarabati wa siku hizi, kuta hizo mara nyingi hupigwa plasta ya saruji, ambayo haipumui kama chokaa. Maji na chumvi hubaki ndani ya ukuta, plasta huvimba na kubanduka, na ncha za boriti zilizozikwa humo huoza bila kuonekana, jambo linaloweza kuiangusha dari. Kukifunga kiyoyozi katika nyumba ya namna hiyo kabla ya kuiondoa saruji ni kuutibu mwasho na kuuacha upele.

Kwa wanaoishi chini ya mabati, ambao ni wengi kuliko wenye kuta za matumbawe, faida kubwa hupatikana juu. Bati la kijivu lililokaa juani huweza kufikia nyuzijoto 60 na kulimimina joto hilo chumbani. Rangi nyeupe, dari iliyoachiwa nafasi ya hewa juu yake, na matundu ya kutolea hewa kwenye pembe za paa hugharimu kidogo kuliko mtambo na hazidai umeme kila mwezi. Pangaboi nalo lisidharauliwe: halipunguzi joto la chumba hata chembe, lakini huharakisha ukaukaji wa jasho. Katika chumba kisicho na mtu huzungushwa bure.

Lililo gumu zaidi ni kuchagua. Vyumba vingi vya pwani vina madirisha ya vioo vya luva, yaliyokusudiwa kuukaribisha upepo na yasiyozibika barabara. Kiyoyozi kikifungwa humo, hukausha hewa ya mtaa mzima. Busara ni kuamua chumba kwa chumba: sebule iachwe wazi kwa upepo na pangaboi, na chumba kimoja cha kulala kizibwe vizuri kwa ajili ya mtambo mdogo.

Anayebadilisha mtambo wa zamani huenda akakuta kibandiko cha R-22, gesi inayoharibu tabaka la ozoni na ambayo inaondolewa kwa mujibu wa Itifaki ya Montreal ya 1987. Nyingi ya zile zilizoirithi huchangia ongezeko la joto duniani, na ndizo zilizolengwa na marekebisho yaliyopitishwa Kigali, Rwanda, mwaka 2016. R-32 ina athari ndogo kuliko R-410A, lakini huweza kushika moto, hivyo ifungwe na fundi aliyefunzwa. Naye fundi anayeung’oa mtambo wa zamani anapaswa kuivuta gesi iliyobaki na kuihifadhi katika mtungi. Asilikate bomba tu na kuiacha ipae.