Kukosea Bila Kuungua
Mtambo wa umeme wa jua wa Garissa, uliozinduliwa Desemba 2019, hauungurumi wala hautoi moshi. Wengi hudhani hauna hatari. Lakini paneli haizimiki maadamu jua lawaka: swichi kuu ikikatwa, nyaya zitokazo kwenye paneli hubaki na umeme, na jua la Garissa twalijua. Kwingineko duniani fundi huvishwa miwani ya uhalisia pepe, akashika waya usiokuwapo, akakosea asiungue. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamlazimu mwajiri kumfundisha mfanyakazi, kwa miwani au bila miwani. Sisi mama na wake, kabla ya kuwaombea dua mlangoni, tuwaulize: mmefundishwa na nani?