Kijana Amemaliza Fomu Foo: Je, Aingie Ofisi ya Hesabu?

Kila mara matokeo ya KCSE yanapotoka, vikundi vyetu huletewa kadi za harambee. Mzazi anasema, "Mtoto wangu anataka kusomea uhasibu, nisaidieni." Wanachama wanatoa. Lakini ni wachache wanaouliza hii kazi ni ya namna gani, na pesa zao zitaenda wapi hasa. Pesa ya kikundi ni jasho la watu, kwa hivyo tuyaangalie mambo haya moja moja.

Njia ya masomo

Mitihani ya uhasibu hapa Kenya husimamiwa na KASNEB, bodi iliyoundwa mwaka 1969. Kijana aliyepata C+ au zaidi anaweza kuanza CPA. Aliyepata C- anaweza kuanzia diploma ya ATD, na akiimaliza apande kwenda CPA. Asiyefika C+ asikate tamaa; safari yake ni ndefu kidogo tu. CPA yenyewe ina ngazi tatu: ya msingi, ya kati na ya juu. Haimalizwi kwa mwaka mmoja.

Jambo moja lieleweke vizuri: KASNEB hutahini, haifundishi. Karo ya chuo ni kando, na ada ya usajili na ya mitihani ni kando. Mzazi anaweza kulipa chuo akidhani amemaliza, kumbe mtoto hajaandikishwa na bodi. Mtihani ukifika, hana nafasi.

Atafanya nini ofisini?

Mwanagenzi wa hesabu haanzi kwa kukaa kwenye kiti kikubwa. Anaanza kwa kupanga risiti, kuandika vocha, kuingiza ankara kwenye kompyuta na kupeleka hundi benki. Wengine huona kazi hii ni ya kitoto. Sivyo. Hapo ndipo msingi uko.

Chukua peti keshi. Ofisi inaweka shilingi 5,000 kwenye sanduku. Wakati wowote, vocha zilizolipwa na pesa zilizobaki lazima zifike 5,000. Vocha zikiwa za shilingi 3,640, sandukuni ziwe 1,360. Zikiwa 1,300, kuna 60 za kutafutwa, na hutafutwa siku hiyo hiyo.

Halafu kuna kulinganisha kitabu na taarifa ya benki. Tuseme kitabu kinasema tuna 48,200, benki inasema 52,550. Je, benki imetuongezea? Hapana. Kuna hundi ya 4,500 tuliyotoa na mwenyewe hajaipeleka benki. Ukiitoa, unabaki na 48,050. Zile 150 zilizobaki ni ada ya benki ambayo hatukuiandika. Sasa kitabu kinarekebishwa na pande zote mbili zinalingana.

Kila mwezi pia kuna tarehe za serikali. Kodi ya mishahara, PAYE, hulipwa KRA kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. VAT kufikia tarehe 20. Ukichelewa, faini. Kwa hivyo kijana asishangaze watu nyumbani akichelewa kurudi siku hizo.

Na fedha za kampuni?

Akiendelea, ataanza kuona jinsi kampuni inavyoamua mambo makubwa: inunue mashine kwa mkopo au kwa akiba? Mashine itarudisha pesa baada ya muda gani? Tena atajifunza kwamba faida si sawa na pesa mkononi. Ushirika wa maziwa unaweza kuuza vizuri mwezi mzima, lakini mnunuzi akilipa baada ya siku 45, wafanyakazi watalipwa na nini mwisho wa mwezi? Biashara yenye faida inaweza kuanguka hapo. Kikundi chenye posho mill kinajua shida hiyo.

Hatari iko wapi?

Hatari kubwa ni sahihi. Mwanagenzi ni mdogo na anaogopa kufukuzwa. Mkubwa akimwambia, "Weka sahihi hapa kwamba bidhaa zimefika," naye hajaziona, ataweza kukataa? Siku ya ukaguzi, sahihi iliyo kwenye karatasi ni yake. Tuwafundishe vijana maneno ya heshima: "Samahani mkubwa, naomba kwanza nizione." Na wazazi tusimsukume alete pesa haraka. Wengi mwanzoni hupewa nauli na chakula tu. Kijana anayedaiwa nyumbani kila Ijumaa, na sanduku la peti keshi liko mbele yake, tunamtia majaribuni sisi wenyewe.

Pia msimpe mtu yeyote hongo ili kijana apate nafasi. Anayeuza kazi kwa kawaida hana kazi ya kuuza.

Kikundi kifanye nini?

1. Kiombe kuona nambari ya usajili wa KASNEB kabla ya kutoa pesa ya mtihani.
2. Kilipe ada moja kwa moja inakotakiwa na kuweka risiti.
3. Kitoe msaada kidogo kidogo, ngazi kwa ngazi, kikiangalia matokeo.
4. Kimwombe kijana amsaidie mweka hazina kupanga vitabu. Atajifunza, na kikundi kitafaidika. Lakini asipewe kutia sahihi kama mkaguzi. Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2008 inataka mkaguzi awe mwanachama wa ICPAK mwenye leseni.

Ya kujadiliana kikundini

Mweka hazina wetu anaweza kutuonyesha leo vocha na pesa, na zikalingana? Tumewahi kutia sahihi kwa kitu ambacho hatukukiona? Kijana tuliyemchangia mwaka jana amefika wapi, na nani kati yetu ameenda kumuuliza?

Mali bila daftari huisha bila habari. Kijana anayejifunza daftari vizuri ni akiba ya kijiji kizima.