Jioni bwawani na watoto: Mbu wa kuchunga zaidi yuko kwenye ndoo

MVUA zikikolea Masasi na Newala, kati ya Desemba na Aprili, mabwawa hujaa na jioni huwa na mengi ya kutazama. Yangeyange hurudi wakipita juu ya mikorosho. Mdiria hutulia tawini, kisha hujitosa majini kufuata samaki. Kereng'ende huzunguka juu ya maji, na jua likizama popo hutoka, vyura nao huanza kuimba.

Kwa mtoto, nusu saa ya kukaa kimya na kutazama viumbe hawa ni burudani isiyo na gharama. Humfundisha subira na humwondoa kwenye simu. Hata hivyo, baadhi ya wazazi husita kwa sababu ya mbu. Hofu hiyo ina msingi, lakini historia ya eneo hili inamkumbusha mzazi mbu mwingine anayesahaulika.

Mwaka 1952 ugonjwa wa homa ya ghafla na maumivu makali ya viungo ulilipuka katika uwanda wa Makonde. Wagonjwa walijikunja kwa maumivu, na wenyeji wakauita chikungunya, neno la Kimakonde linalohusu kujikunja. Mwaka 1955 watafiti Marion Robinson na W.H.R. Lumsden walichapisha maelezo yake. Leo jina hilo linatumika dunia nzima.

Mbu aliyehusishwa na mlipuko huo, Aedes aegypti, hupenda kuzaliana kwenye maji yaliyohifadhiwa nyumbani. Uwandani maji ya mvua huzama haraka kwenye udongo wa kichanga, hivyo familia zilizoea kuteka mbali na kuyaweka akiba.

Bwawani, samaki na watoto wa kereng'ende hula viluwiluwi vya mbu. Kwenye ndoo au pipa hakuna wa kuvila. Tena mbu huyu mweusi mwenye madoa meupe huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza, kwa hiyo chandarua cha usiku pekee hakitoshi.

Kabla ya kutoka, mzazi azingatie haya:

• Kaeni mbali kidogo na ukingo, na mtoto asiachwe peke yake hata dakika moja. Maji yasiyo na kina pia huzamisha.

• Asikanyage wala kuoga bwawani. Vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi. Akikojoa damu, apelekwe kituo cha afya.

• Avae nguo za mikono mirefu na suruali. Popo wa kwanza wakionekana, iwe ishara ya kurudi nyumbani, kwani mbu wa malaria huuma zaidi usiku. Vyura mtawasikiliza njiani.

• Nyumbani, funika vyombo vyote vya maji. Kila wiki vimwage na kusugua kuta zake kwa ndani, maana mayai ya mbu huyu hunata hapo na huweza kukaa makavu kwa miezi bila kufa.

Mtoto akipata homa, apimwe malaria kwanza. Kipimo kikionyesha hana, na bado analalamikia viungo, mzazi amweleze mhudumu wa afya ili chikungunya nayo ichunguzwe.