Gari la Turbo Lililopungua Nguvu: Nini Kikaguliwe Kabla ya Kununua Kipuri

Mmiliki wa gari la zamani lenye turbo anapolalamika gereji kwamba gari limepungua nguvu, mara nyingi hujibiwa neno moja: turbo imekufa. Jibu hilo likiwa la kweli, gharama yake haina budi kulipwa. Lisipokuwa la kweli, mlaji hununua kipuri ghali, gari huondoka na hitilafu ileile, na fedha haipatikani tena. Makala haya yanaeleza ukaguzi ambao mlaji ana haki ya kuuomba kabla ya kukubali kubadilisha turbo au kihisi chochote. Mfano unaotumika ni wa magari ya petroli kama Subaru Forester na Impreza zenye turbo, ambazo nyingi huingia nchini kutoka Japani zikiwa zimekwishatumika.

Safari ya hewa

Turbo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, na huweza kuzidi mizunguko 100,000 kwa dakika. Hewa hupita kwenye filta, kisha kwenye kihisi kinachopima kiasi chake, ndipo inaposukumwa na turbo kupitia kipoza hewa hadi kwenye manifoldi. Hapo kihisi cha pili hupima mgandamizo. Vihisi hivi, ambavyo mafundi huviita sensa, huiarifu kompyuta ya gari, nayo huamua kiasi cha petroli kitakachonyunyizwa.

Njia hiyo yote imeunganishwa kwa mipira na klipu. Baada ya miaka ishirini ya joto la injini, mipira hukauka na kupasuka. Hewa iliyokwishapimwa ikivuja, kompyuta hunyunyiza petroli ya hewa ambayo haikufika: gari hutoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Tundu likiwa kwenye manifoldi, injini inapounguruma taratibu hali hugeuka, kwa kuwa hewa isiyopimwa huvutwa ndani na petroli huonekana pungufu. Hivyo ufa mmoja huweza kuonekana kama ubovu wa turbo, wa kihisi cha hewa na wa pampu ya petroli kwa wakati mmoja.

Msimbo si hukumu

Taa ya injini inapowaka, fundi husoma msimbo kwa mashine. Msimbo hueleza kile ambacho kompyuta imekiona. Hautaji kipuri kilichokufa. Kwa mfano, P0171 humaanisha kwamba petroli ni pungufu ikilinganishwa na hewa. Chanzo chaweza kuwa ufa kwenye mpira, kihisi cha hewa kilichochafuka, pampu dhaifu, au tundu kwenye bomba la moshi kabla ya kihisi cha oksijeni.

Izingatiwe pia kwamba mfumo wa OBD-II ulikuwa wa lazima kwa magari yaliyouzwa Marekani kuanzia modeli za mwaka 1996. Magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayakubanwa na sharti hilo. Kifaa cha bei nafuu kikishindwa kusoma gari la aina hiyo, si ushahidi kwamba kompyuta ya gari imeharibika.

Mpangilio wa ukaguzi

1. Misimbo yote iandikwe kabla ya kufutwa au betri kufunguliwa, kwa kuwa ikipotea, kumbukumbu ya hitilafu hupotea nayo.

2. Filta ya hewa, mipira, klipu na soketi za nyaya zikaguliwe kwa macho. Kutu ndani ya soketi huweza kukifanya kihisi kizima kionekane kibovu.

3. Mfumo wa hewa ujazwe moshi au hewa yenye mgandamizo mdogo ili kubaini uvujaji. Kazi hii ni ndogo ikilinganishwa na kufungua turbo.

4. Kihisi cha mgandamizo kisomwe switchi ikiwa imewashwa na injini ikiwa imezimwa. Kinapaswa kuonyesha mgandamizo wa hewa ya mahali gari lilipo: Dar es Salaam takribani kilopaskali 101, Arusha, iliyo karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, takribani 86. Kwa hiyo 86 si ubovu ukiwa Arusha, bali ni dalili ya ubovu ukiwa Dar es Salaam.

5. Kihisi cha hewa kisafishwe kwa dawa yake maalumu, bila kugusa waya wake, kabla ya kununua kingine.

6. Mwisho kabisa, turbo yenyewe ikaguliwe. Ekseli yake kuchezacheza kidogo kwa pembeni ni kawaida. Pangaboi likigusa kasha, au ekseli ikisogea mbele na nyuma kwa namna inayohisika, turbo imechakaa.

Turbo ikithibitika kufa, mlaji aulize nini kimeiua. Sababu ya kawaida ni ukosefu wa oili. Katika baadhi ya injini za Subaru, boliti inayopitisha oili kwenda kwenye turbo ina kichujio kidogo ambacho huziba. Turbo mpya ikifungwa bila njia ya oili kusafishwa, itakufa kama ya kwanza.

Kabla ya kulipa

Mlaji anashauriwa kuomba matokeo ya ukaguzi kwa maandishi, bei ya kipuri na ya ufundi zikitenganishwa, na maelezo iwapo kipuri ni kipya au kimetumika. Aombe kurudishiwa kipuri kilichotolewa, na adai risiti ya EFD. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kulaghai katika biashara, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye jukumu la kuisimamia. Lalamiko lenye misimbo iliyoandikwa, risiti na kipuri cha zamani mkononi lina uzito. Lisilo na vielelezo hubaki kuwa neno la mlaji dhidi ya neno la fundi.

Iwapo gari linagonga ndani ya injini linapopanda mlima, au taa ya injini inamweka mfululizo, lisiendelee kuendeshwa. Hitilafu ya mpira wa hewa hurekebishika kwa gharama ndogo. Pistoni iliyoyeyuka haina njia ya mkato.