Aliyekuja Kucheza Arudi Kwao Mzima

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari, 2023, raia wasiopungua 9, watoto miongoni mwao, walipoteza maisha katika jengo la Freedom City, Namasuba. Polisi walieleza kwamba mshereheshaji aliwaita watu watoke kutazama fataki. Zilipokwisha, umati ukasongamana, wanyonge wakakanyagwa.

Ndugu askari, ipo hatari nyingine isiyo na kishindo: mkono wa mhuni umshikao mwanamke asiyetaka. Mwezi wa Februari, 2014, baada ya Sheria ya Kupinga Ponografia kutiwa sahihi, makundi ya wahuni yaliwavua wanawake nguo hadharani, ilhali sheria hiyo haikumpa raia yeyote ruhusa ya kumgusa mwenziwe. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vyake.

Basi, tulindapo tamasha, tukague milango yote kabla ya ngoma kuanza, wala tusikubali hata mmoja ufungwe. Mwanamke akija kushitaki, asiulizwe alivaa nini. Aulizwe ni nani aliyemtenda, na ikiwezekana aulizwe na askari wa kike. Sare tuliyovaa ni amana ya wananchi.