Baiskeli inakuumiza mgongo na mikono? Badili matairi kwanza

JE, wewe ni mmoja wa wale walionunua baiskeli ili kupunguza uzani na kujikinga na shinikizo la damu, lakini baada ya wiki chache ukaiegemeza ukutani kwa sababu ya maumivu? Kabla hujaiuza, yatazame matairi yake. Huenda kasoro si mgongo wako wala umri wako.

Baiskeli nyingi za mitumba utakazoziona Dagoretti, kuanzia Kawangware na Riruta hadi Waithaka na Mutuini, ni zile za gia zilizoundwa kwa ajili ya milima. Fremu zake ni imara na hudumu miaka mingi. Matairi yake, hata hivyo, yana meno makubwa ya kushika matope na mawe. Kwenye lami meno hayo hayana kazi. Kila jino hupinda linapokanyaga barabara, na nguvu zinazopotea hapo zinatoka katika mapaja yako.

Mkazi wa Dagoretti hulihisi jambo hili jioni. Kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti Corner kiko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, zaidi ya mita 100 juu ya katikati ya jiji. Asubuhi unateremka kwenda kazini. Jioni, ukiwa umechoka, unaipanda Ngong Road huku meno yakinguruma chini yako.

Mtetemo huo pia huuchosha mwili. Ukikaza mikono kwenye usukani huku ukitikiswa, mshipa wa fahamu unaopita kiganjani upande wa kidole cha mwisho hubanwa. Dalili yake ni ganzi katika kidole hicho na nusu ya kidole cha pete. Misuli ya mabega na kiuno nayo hukaza ili kuhimili mishtuko.

Tiba ya tatizo hili haikuanza jana. Mnamo 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alipata hataza ya tairi la upepo. Alikuwa amelibuni kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu. Tangu hapo, upepo ndio mto wa mwendesha baiskeli.

Tafuta tairi pana, lisilo na meno, lenye ubavu mwembamba. Libonyeze kwa vidole ukiwa dukani. Lile linalokunjika kama ngozi laini ni bora kuliko lililo gumu kama ubao, kwa kuwa likikutana na kijiwe hujipinda lenyewe badala ya kuirusha baiskeli nzima pamoja nawe.

Kipimo ndicho huwakosesha wengi. Usitosheke na nambari 26. Soma nambari ndogo ubavuni, kwa mfano 50-559. Hiyo 50 ni upana wa tairi, na 559 ni kipenyo cha mahali linapokaa kwenye rimu, zote kwa milimita. Tairi lililoandikwa 26 x 1 3/8 kwa kawaida ni la milimita 590, na halitaifaa rimu hiyo. Fundi akikwambia yote ni mamoja, mwonyeshe nambari. Hakikisha pia kuna nafasi ya angalau milimita 5 kati ya tairi na fremu kila upande. Rimu haibadilishwi, kwa hivyo breki hubaki zilivyo.

Usijaze upepo mpaka tairi liwe kama jiwe. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi la milimita 50 anaweza kuanza na pauni 35 hadi 40, gurudumu la nyuma likizidi kidogo. Usivuke kiwango kilichoandikwa ubavuni. Ukitumia pampu ya kituo cha petroli, jaza kidogo kidogo, kwani tyubu ya baiskeli hujaa upesi.

Kwenye lami yenye maji tairi lisilo na meno hushika vyema. Kwenye matope huteleza, kwa hivyo ikiwa njia ya kwako ni udongo mtupu, subiri masika yapite.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka wa 2020 kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Nusu saa kwenda kazini na nusu saa kurudi, kwa siku tano, ni dakika 300 kamili.

Ganzi au maumivu yasipokwisha hata baada ya kubadili matairi, mwone daktari. Vinginevyo vaa kofia ngumu, jaza upepo na urudi barabarani. Kinga ni bora kuliko tiba, na baiskeli iliyoegemea ukuta haimkingi mtu.